Pesa Taslimu Mumias, Deni Shianda

 

Leo sikuleti neno fupi la asubuhi kama ulivyozoea. Keti kidogo. Ninataka twende pamoja supamaketi, halafu nikuonyeshe njia niliyopita nikirudi nyumbani. Hiyo njia ndiyo iliyoniamsha saa kumi usiku.

Jumamosi iliyopita ilikuwa mwisho wa mwezi, na tulikuwa tunatarajia wageni katika ibada ya Jumapili. Mama watoto akaniandikia karatasi: mchele, sukari, mafuta ya kupikia lita tatu, majani ya chai, sabuni, karatasi za kupangusa mikono. Akaniambia, "Nenda Mumias, kule ni bei nafuu." Nikapanda matatu. Sitataja ni supamaketi gani, kwa sababu sikuja hapa kumharibia mtu biashara, na pia kwa sababu nikikueleza yaliyonipata utasema ni ile yako.

Unaanza mlangoni. Soja anakuambia mkoba uache kaunta, upewe kibao chenye namba. Mkoba wangu ulikuwa na Biblia na daftari la mahubiri. Nikamwambia, "Ndugu, humu kuna Biblia tu." Akaniambia, "Hata Biblia, mzee." Nikaiacha. Nilipewa namba 17. Ukiipoteza hiyo namba, mpendwa, utajua kwamba hata wewe mwenyewe unaweza kutiliwa shaka na mkoba wako.

Halafu troli. Mungu anisamehe, lakini mimi nafikiri kuna mahali troli zote mbovu za Magharibi mwa Kenya hukusanywa na kuletwa siku ninayokwenda mimi. Gurudumu moja lilikuwa limekataa kuokoka. Ukisukuma mbele, troli inakwenda kushoto. Nikapita nayo katikati ya katoni zilizorundikwa njiani, nikamgonga mama mmoja kisigino, nikaomba msamaha, nikaendelea. Sukari haikuwa mahali ilipokuwa mwezi uliopita. Wameihamisha. Kila mwezi wanahamisha sukari, ndiyo uitafute ukipitia kwenye biskuti, na wewe ukiona biskuti unakumbuka watoto. Nilitoka hapo na biskuti ambazo hazikuwa kwenye karatasi.

Nikafika kwenye mafuta. Kwenye rafu, kibandiko cha njano kimeandikwa bei kwa herufi kubwa: shilingi 870. Nikashukuru Mungu, nikaweka chupa kwenye troli.

Kaunta za kulipia ziko sita. Zilizokuwa na watu ni mbili. Jumamosi, mwisho wa mwezi, watu wamelipwa, na kaunta ni mbili! Laini ya kwangu ilikuwa na watu wanane. Aliye mbele yangu alikuwa na bakuli la plastiki lisilo na bei, keshia akamwita kijana, kijana akaenda, kijana hakurudi. Tukasimama. Aliyefuata akalipa kwa simu, akasema ametuma, keshia akasema haijaingia, wote wawili wakaanza kuitazama simu kama watu wanaongojea ufunuo. Tukasimama. Nilikuwa nimesimama pale karibu dakika arobaini, na nikajua rohoni kwamba upendo wangu kwa wanadamu umepungua.

Zamu yangu ikafika. Mafuta yakapitishwa kwenye mashine. Shilingi 935.

Nikasema, "Dada, kule kwenye rafu ni 870."

Akasema, bila kuniangalia, "Mashine inasema 935."

Mpendwa, hapo ndipo mhubiri alipoamka. Nilimwambia mashine haitakwenda mbinguni, ila yeye atakwenda kuulizwa. Nilimtajia Mithali sura ya 11, mstari wa kwanza kabisa, jinsi mizani ya udanganyifu inavyomchukiza Bwana. Sauti yangu ninyi mnaijua, haihitaji kipaza sauti. Watu walio nyuma yangu wakaitikia. Mzee mmoja akasema, "Mwambie, mtumishi!" Nikamwambia zaidi. Ikabidi aitwe msimamizi aje na ufunguo wake, kijana akatumwa kwenye rafu, akarudi na kile kibandiko cha njano mkononi, na bei ikarekebishwa. Bili ilikuwa 4,217 pamoja na mfuko wa kubebea, kwa maana tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku huu wa kitambaa tunaununua kila mara, na mimi ninayo kumi na miwili nyumbani na kila mara ninausahau. Wakatoa shilingi 65. Ikawa 4,152. Nikatoa 4,160. Baki ni shilingi nane. Yule dada akanipa sarafu ya shilingi tano na pipi tatu.

Pipi tatu! Nikamuuliza kama nikileta pipi mwezi ujao nitauziwa sukari. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa akasema, "Sina shilingi mojamoja, baba."

Mlangoni soja mwingine akaikagua risiti, akachungulia ndani ya mfuko, akahesabu kwa macho, akapiga muhuri. Nimetoka kulipa hatua tano kutoka hapo alipo, ananiona, na bado anachungulia. Nikachukua Biblia yangu kwa namba 17, nikatoka nje nikiwa nimeshinda. Ndivyo nilivyojisikia kwenye matatu: nimesimamia haki. Nilikuwa nimeanza hata kupanga jinsi nitakavyowasimulia kwenye madhabahu.

Sasa nataka usikilize vizuri, maana hadi hapa unaweza kufikiri ninakuletea malalamiko.

Nilishuka Shianda sokoni. Kutoka stendi hadi nyumbani kwangu njia iliyonyooka mnaijua, inapita mbele ya kioski cha mama mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu, na ambaye jina lake sitaliandika. Nikaita boda. Kijana akauliza, "Tupitie mbele, Pasta?" Nikamwambia, "Hapana, zungukia nyuma, kwa mashine ya kusaga."

Njia ya nyuma ni ndefu. Ina mashimo. Siku hiyo ilikuwa na matope. Nilimlipa yule kijana shilingi ishirini zaidi ili anipitishe kwenye matope, na kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimebeba mfuko wa supamaketi mapajani, na sikutaka yule mama auone.

Nilikuwa na deni kwake.

Lilianza muhula wa kwanza, watoto walipotumwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kila shilingi iliyoingia ilikwenda shuleni. Nyumbani hakukuwa na kitu, na mama watoto alikwenda pale kioskini jioni moja akarudi na unga, sukari robo na mafuta. Hakuulizwa lolote. Kesho yake tena. Nami nilipita mwenyewe mara mbili tatu, mara mkate, mara kiberiti na majani, nikasema, "Mama, andika." Akaandika. Karo ikaisha, hali ikawa afadhali kidogo, mwisho wa mwezi ukaja na pesa kidogo mkononi. Na hizo pesa nilizipeleka wapi? Mumias. Mwezi uliofuata? Mumias. Deni likabaki Shianda.

Jiulize mwenyewe, mpendwa, maana sidhani niko peke yangu. Ukiwa na pesa taslimu unapanda matatu. Ukiwa huna kitu unatembea kwa miguu hadi kwa mama wa kioski. Kule mjini hatuwezi hata kufungua kinywa tuseme "andika." Ungemwambia nani? Jaribu siku moja umwambie yule keshia, "Dada, hizi pakiti mbili za unga niandikie, nitaleta tarehe kumi." Soja atakusindikiza kwa upole. Kwa hiyo yule asiyetuamini hata kidogo, anayetunyang'anya mkoba mlangoni na kuhesabu vitu vyetu tukitoka, ndiye tunayempa noti. Na yule anayetuamini bila karatasi tunampa ahadi.

Kisha tunasema kioski chake hakina vitu! Nimeisema hiyo mimi mwenyewe. "Siku hizi kwa mama fulani hakuna kitu, unakuta sabuni na kiberiti tu." Lakini hebu fikiri vitu vinaingiaje pale. Yeye hununua kwa muuzaji wa jumla kwa pesa taslimu, au kwa mkopo wa chama anaourudisha kila wiki. Faida yake kwa pakiti moja ya unga ni shilingi chache sana. Ukichukua pakiti moja usilipe, si pakiti moja iliyopotea. Itabidi auze nyingi nyingine ili arudishe gharama ya hiyo moja. Wakiwa wateja kumi wa namna yako na yangu, rafu inakuwa tupu. Rafu ikiwa tupu, hata mwenye pesa haendi. Ndipo sisi tuliomaliza vitu vyake tunapanda matatu tukisema mjini ndiko kuna kila kitu.

Wazee wetu wanajua habari hii kuliko mimi. Sisi ni watu wa miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na kwa miaka mingi eneo hili lilikula kwa daftari la duka likingoja malipo ya miwa. Mkulima alikuwa anachukua sukari, chumvi, madaftari ya watoto, mwenye duka anaandika, kila mtu anajua pesa ya miwa itakuja. Kisha malipo yakaanza kuchelewa, yakachelewa zaidi, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni ya benki. Mkulima alilia, na alikuwa na haki ya kulia. Lakini nyuma ya mkulima alikuwako mwenye duka mwenye daftari lililojaa majina, na huyo hakuna mkutano wa hadhara ulioitishwa kwa ajili yake.

Na usidhani wale wakubwa hawakopi. Wanakopa sana, ila sisi hatuoni. Mkate ulio kwenye rafu ya supamaketi, mara nyingi mwenye kuuoka hajalipwa bado. Anangoja mwezi, miezi miwili, mitatu. Unakumbuka Nakumatt, lile la ndovu, lililokuwa na tawi hata Kakamega? Watu wa maziwa, wa mkate, wa sabuni walikuwa wameleta bidhaa zao kwa ahadi. Rafu zikaanza kuwa tupu mbele ya macho yetu, madeni yakafika mabilioni, na Januari 2020 waliokuwa wanalidai walipiga kura livunjwe. Tulilaumu wenye kampuni. Tulisema maneno makali sana kuwahusu tukiwa tumeketi kwenye benchi la kioski, tukinywa soda ya kuandikiwa.

Basi, nilikuambia niliamka saa kumi usiku. Nilitaka kupitia ujumbe wa Jumapili. Ujumbe wenyewe nilikuwa nimeuandaa tangu Jumatano, na nilifikiri ni mzuri: Wafalme wa Pili sura ya 4, yule mjane na chupa yake ya mafuta. Tumeuhubiri mara ngapi? Azima vyombo, usiazime vichache. Funga mlango. Mimina. Timu ya sifa ikianza kuimba hapo, watu wanaruka.

Nikasoma hadi mstari wa saba. Mpendwa, mstari wa saba sisi wahubiri huwa tunaupita mbio kwa sababu watu wameshaanza kushangilia. Mjane amejaza vyombo vyote, anamrudia Elisha, na Elisha hamwambii apike, wala hamwambii atoe ushuhuda. Anamwambia auze mafuta, alipe deni lake, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Deni kwanza. Chakula cha nyumbani ni kile kinachobaki. Muujiza wote ule, chombo kwa chombo, ulifanyika kwa sababu kulikuwa na mtu anadai.

Na jikoni kwangu kulikuwa na lita tatu za mafuta, nilizozipigania shilingi 65 mbele ya watu, huku aliyenipa mafuta wakati sina kitu akiwa hajalipwa.

Sikuweza kuomba. Ninakwambia ukweli. Nilipiga magoti, na kila nikifungua kinywa naona ile njia ya nyuma yenye matope. Kuna neno pia katika Mithali sura ya 3, mstari wa 28, linalotukataza kumwambia jirani aende arudi kesho wakati kitu chake tunacho leo. Mimi hata sikumwambia arudi kesho. Nilimkwepa kabisa.

Akili ikaniletea ushauri, na utaona jinsi akili ilivyo na maneno matamu: ngoja sadaka ya Jumapili, wageni watakuja, kutakuwa na kitu, Jumatatu utalipa lote kwa heshima. Nikaona aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Niliangalia mfukoni. Nilikuwa na shilingi 700.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kioskini. Alikuwa ndiyo anafungua, anatoa benchi nje.

"Mulembe, Pasta. Kuna msiba?" Hilo ndilo swali lake la kwanza. Mchungaji akifika mlangoni mwako asubuhi hivyo, labda kuna aliyefariki.

Nikamwambia hakuna msiba, nimekuja kwa habari ya deni. Nikamwambia pia nilikotoka jana, na njia niliyopita. Alininyamazia. Akaingia ndani, akatoka na daftari, akalifungua kwenye meza ya nyanya.

Mimi nilikuwa najua ni kama 1,800. Ilikuwa 2,340. Watoto nao walikuwa wamepita pale kwa kalamu na sabuni, na kila kitu kilikuwa na tarehe yake. Lakini si hesabu iliyonishtua. Juu ya ukurasa, mahali ambapo kurasa nyingine zote zina majina, hakukuwa na jina langu. Alikuwa ameandika "Mgeni."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Watu wakija kuangalia hesabu zao wanafunua daftari lote, Pasta. Sikutaka wakuone humo."

Unielewe, mpendwa. Mimi nilikuwa nazunguka nyuma ya mashine ya kusaga nikiificha heshima yangu. Yeye alikuwa ameshaificha tangu muhula wa kwanza, na hakuniambia.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo gumu kuliko yote kuandika hapa, lakini yeye amenikubalia niliandike. Kwa majuma kadhaa hakuwa anakuja kanisani. Nililiona. Wazee wa kanisa waliliona. Nilisema kwenye kikao kwamba dada yetu amepoa, na nikawatuma kina mama waende waombe naye, wamtie moyo asirudi nyuma. Walikwenda, wakaimba, wakaomba, akawaandalia chai kwa sukari yake. Hakuwaambia neno. Asubuhi ile aliniambia, "Nilikuwa naogopa kukutana nawe pale mlangoni mkono ukinyooshwa. Nikikusalimia utafikiri nakudai. Nisipokusalimia watu watafikiri tumekosana. Nikaona heri niombee nyumbani."

Anayedaiwa alikuwa madhabahuni akihubiri. Anayedai alikuwa amekaa nyumbani kwa aibu.

Nilimwomba msamaha. Si ule msamaha wa "kama nilikukosea." Nilimtajia kila kitu, hata kikao cha wazee. Alisikiliza yote huku akipanga nyanya, akasema, "Ni sawa, Pasta, lakini usinifanyie tena." Nililipenda hilo neno "lakini." Nikampa 700. Akaandika, akatoa, zikabaki 1,640. Tukakubaliana tarehe tano. Nikakumbuka zile pipi tatu mfukoni, nikaziweka juu ya daftari, nikamuuliza kama nazo zinahesabiwa. Hapo ndipo alipocheka, akasema pipi anazo zake, na zake zina bei.

Jumapili niliuhubiri mstari wa saba. Mliokuwepo mliona mahubiri yalikuwa mafupi na hayakuwa na shangwe nyingi. Sasa mnajua sababu.

Kuhusu yule keshia. Bei isiyo sawa na ya rafuni ni kosa, na bado nasema ni kosa. Usilipe kinyamavu, uliza, na ikibidi aitwe msimamizi. Lakini yule dada hakuandika kile kibandiko wala hakuweka bei kwenye mashine. Mmoja wenu aliyewahi kufanya kazi hiyo aliniambia jana kwamba hesabu ya jioni ikipungua, walikuwa wakikatwa mshahara. Mimi nilimfanya awe Mafarisayo wote mbele ya watu wanane, na yeye akaniita baba. Nitarudi Mumias kumtafuta. Nitakwenda siku ya katikati ya wiki, laini ikiwa fupi, nisimfanye asimamishe watu tena kwa ajili yangu.

Na wewe ndugu yangu muuzaji, naona unashangilia sana. Lile gorogoro lako lililobonyezwa chini, nani alilibonyeza? Mahindi yanaingia machache na juu unaweka kilima kizuri ili macho ya mteja yashibe. Ile Mithali 11 ilikuwa ya soko la Shianda kabla haijawa ya supamaketi. Tutaongea, Mungu akipenda, siku nyingine.

Kwa wiki hii ninakuomba jambo moja. Usianze kwa kulipa. Anza kwa kupita njia ya mbele. Kama una pesa, beba. Kama huna, nenda hivyo hivyo mikono mitupu, umwambie tarehe ambayo utaweza, tarehe ya kweli, si "Mungu akifungua mlango." Uombe aonyeshe daftari, usitegemee kumbukumbu yako, yangu ilinikosesha shilingi 540. Na kama wewe ndiwe unayedai, njoo kanisani. Keti mbele.

Mimi bado nina 1,640 kwa tarehe tano. Vijana wa boda pale stendi nimeshawaambia: mkiniona nimebeba mfuko wa supamaketi na ninasema tuzungukie kwa mashine ya kusaga, msinibebe.